Mupima-macho wa Nyumba ya Mipira

Kila aliposimamisha gari, Mupima-macho alifungua kwanza mlango wa ubavuni, kabla ya kuzima injini na kabla ya kumsalimia mtu. Paka alikuwa tayari kwenye kizingiti, masikio mbele. Alinusa hewa ya mahali, kisha akashuka bila haraka, kama mwenye shamba anayekwenda kutazama mihogo yake. Mupima-macho alimfuata kwa macho mpaka apotelee majanini au nyuma ya nyumba za watu. Hapo ndipo alipotugeukia na kusema, "Jambo yenu."

Alikuwa na jina, na alikuwa pia na jina la ubatizo ambalo, kama sisi sote, aliliacha siku zile tulipoambiwa tuchukue majina ya mababu. Sikumbuki mtu aliyetumia hata moja kati ya hayo mawili. Alikotoka sikuuliza. Nilimjua kama jirani, kwa sababu alipokuwa Bukavu aliegesha gari lake kwenye kona ya parcelle yetu, kiwanja chetu kule Nyawera, chini ya ukuta, hatua ishirini kutoka cherehani yangu.

Gari lenyewe watu waliliita nyumba ya mipira, maana ilikuwa nyumba juu ya magurudumu. Mzungu mmoja mpima mawe alikuwa amelitengenezesha ili alale ndani yake porini, naye alipoondoka nchini alimwachia Mupima-macho, kwa sababu gani sijui. Ndani kulikuwa na kitanda kilichokunjwa ukutani, jiko la mafuta la matundu mawili, karai lililochomelewa kwenye meza, na mapazia ya rangi ya haradali ambayo nilimshonea upya mara mbili. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la mchanga kwa ajili ya paka. Mchanga ule haukuwahi kuguswa. Paka huyu alikuwa amezoea nje, na hata mvua ya Bukavu ilipoanguka siku nne mfululizo, alitoka.

Mara moja Mupima-macho alijaribu kumfunga paka kamba. Alikuwa amechoka kumngojea kila mahali, ndivyo alivyoniambia, akataka kumwongoza kama mbuzi. Paka hakupigana. Alilala tu pembeni, akakataa sambaza, wale dagaa wa ziwani, akakataa maziwa, akamtazama. Siku ya tatu Mupima-macho alikata kamba kwa makasi yangu.

"Nilimuona vile ananiangalia, maman," akasema. "Sikuweza."

Tangu hapo sheria ilikuwa moja: gari haliondoki mpaka paka arudi. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye punje za mahindi ndani. Alilitikisa mara tatu, akangoja. Hakuita jina. Mara nyingi paka alitokea baada ya dakika chache. Mara nyingine ilikuwa nusu siku. Watu waliomwomba awasafirishe walishuka wakitukana, wakatafuta camion ya mizigo, naye hakuwazuia wala kuwaomba radhi.

Kazi yake aliipenda kwa namna ya kimya. Alikuwa amesaidia miaka mingi katika dispensaire ya macho ya mission fulani, na alichojifunza huko alikibeba vijijini: sanduku la vioo, taa ndogo, na masanduku mawili ya miwani zilizotumika, zilizotoka Ulaya. Watu wakimwita docta alikataa. "Mimi napima tu," alisema. "Docta njo ule anaponesha." Kwa wale wasiojua kusoma alikuwa amechora kibao chake mwenyewe: jembe, samaki, ufunguo, kuku, kila mstari mdogo kuliko wa juu yake. Nilimwona katekista mmoja mzee akivaa miwani kwa mara ya kwanza, akamgeukia mke wake aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akamtazama muda mrefu, kisha akaanza kulia. Mke akauliza kuna nini. Mzee akasema, "Umezeeka, na mimi sikukuwa pale." Mupima-macho alikunja kitambaa chake cha kufutia vioo, akaangalia pembeni mpaka wakamaliza.

Alikuwa na misemo yake. "Mutu anaona kile alikuwa anangojea," alisema mtu alipoapa kwamba amesoma mstari wa mwisho na hakuusoma. Na akimwona mtu anatishika na giza la jicho lake: "Kwanza tupime. Woga iko na wakati yake."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na mambo yasiyolingana. Alipima macho ya maelfu, na akiongea nawe hakukutazama machoni. Alitazama bega lako, au mkono. Kila Jumapili alikwenda misa na kubaki amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Aliwakemea waliosema habari za bulozi, za uchawi. Mwanamke mmoja wa Kalehe alipomfunika mtoto wake kwa kitenge paka alipopita, Mupima-macho alimfundisha kwa dakika kumi kwamba paka ni mnyama kama sungura. Hata hivyo, asubuhi paka alipokataa kupanda gari, alizima injini, akakunjua kitanda, akalala tena. Hakutoa sababu.

Askari wa barrière, kwenye vizuizi vya barabarani, walimjua. Siku moja, nami nikiwa ndani ya gari, askari mpya kati yao alipanda kupekua, akamkuta paka amekaa juu ya meza akimwangalia bila kupepesa. "Niawu ya nani oyo?" akauliza kwa Lingala, paka huyu ni wa nani, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mupima-macho akamjibu, "Citoyen, sijue. Mimi njo ninamubeba tu." Askari alishuka bila kufungua sanduku hata moja. Tulipofika mbele nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amesema tu jambo aliloliamini.

Sasa niseme kuhusu Luhwindja, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na sababu ya kumwandika.

Mume wangu alikuwa amekwenda huko kuchimba dhahabu. Mwanzoni habari zake zilifika na wasafiri: yuko mzima, anasalimia watoto, atakuja Noeli. Kisha zikakatika. Miezi saba ilipita. Majirani walinihurumia kwa sauti ya juu. Dada yake aliniambia wazi kwamba wanaume wa kule wanaoa tena, nisijisumbue. Nami, niseme ukweli, nilianza kumchukia, na chuki ile ilinisaidia kuamka asubuhi na kukanyaga cherehani.

Wakati huohuo nyumba ya mipira ilikuwa imekwama kwenye parcelle yetu. Boîte de vitesse, yaani giaboksi, ilikuwa imevunjika, na kipuri kilingojewa kutoka mbali. Karibu miezi sita gari halikusogea. Kila siku nilipokaa kushona nilimwona paka juu ya ukuta: rangi ya majivu, ncha ya mkia imepinda kama ndoano, kidole kimoja cheupe kwenye mguu wa mbele wa kushoto, hicho kimoja tu. Alitoka na kurudi, alitoka na kurudi. Sikumbuki siku aliyokosekana jioni.

Gari lilipopona, Mupima-macho akasema anakwenda Luhwindja kupima wachimbaji, maana vumbi la mashimo lilikuwa linawaharibu. Nikamwomba aniache nipande. Niliwaacha watoto watatu kwa jirani, nikasema ni siku nne.

Tulipita Walungu ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya chai. Paka alikuwa amekaa mbele, kati yetu, akiangalia njia. Tulipoanza kupanda milima ya Luhwindja alisimama, akaweka miguu ya mbele kwenye kioo, akabaki hivyo kilomita nyingi bila kuyumba, ingawa barabara ilitutupa huku na huku. Gari liliposimama karibu na soko dogo, hakungoja mlango kufunguka wote. Alijipenyeza, akapanda kilima moja kwa moja, bila kunusa hewa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akienda bila kunusa.

Siku mbili Mupima-macho alipima watu, nami nilizunguka na picha ya mume wangu. Wachimbaji walikuwa na adabu. Walishika picha kwa ncha za vidole visivyo na udongo, wakaangalia, wakarudisha. "Hapana, maman, hatumujue." Mmoja wao alijibu kabla ya kuiangalia. Nilikwenda kwa mwingine, naye akaangalia miguu yake muda wote niliosema. Jioni ya pili nilijua kwamba wanamjua wote. Nilidhani wanamficha na mwanamke wake.

Asubuhi ya tatu ilikuwa siku ya kuondoka, na mawingu yalikuwa mazito upande wa njia yetu. Mupima-macho alitikisa kopo mara tatu. Hakuna kitu. Akatikisa tena saa sita, akatikisa tena saa tisa.

"Papa," nikamwambia, "mvua ikinyesha ile njia inakatika. Watoto wangu biko kwa watu."

"Ninajua."

"Ni paka."

"Ndiyo, maman. Ni paka."

"Juu ya paka utaniacha nife hapa?"

Alikaa kwenye ngazi ya gari, kopo kati ya magoti. Akatazama bega langu. "Kama unataka, kuko camion ya viazi itapita. Nitakuombea fasi. Mimi sitatoka."

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia kwamba mtu asiye na mke wala mtoto hawezi kujua. Akalitikisa kopo tena mara tatu. Camion ya viazi ilipita, na sikupanda. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshika mfuko wangu mkononi, dereva alisimama, nikamwambia aende.

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nikiosha sahani nilipomwona paka akishuka kilima. Alishuka kwa mwendo wake wa siku zote. Shingoni alikuwa na kitu. Alipokaribia niliona ni kipande cha kitambaa, kimefungwa kwa fundo legevu lisilomkaba. Nikainama nimfungue. Kilikuwa kipande cha ukosi wa shati, kimeshonwa mara mbili, mshono wa juu kwa uzi mweupe na wa chini kwa uzi wa kijani.

Uzi mweupe uliniishia nilipokuwa nashona shati lile. Ilikuwa Jumamosi, maduka yamefungwa kwa sababu ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na mume wangu alikuwa na haraka ya kusafiri. Nikamwambia, kijani haitaonekana, iko chini. Akacheka, akasema mtu yeyote akimkunja ukosi atajua mke wake ni fundi mvivu.

Sikupiga kelele. Nilimwonyesha tu Mupima-macho, nikamwambia, "Hii ni mkono yangu." Yeye akachukua kile kitambaa, akakisogeza karibu na jicho kama anavyosogeza kioo, akaona. Akavaa kofia yake.

Paka alikuwa amegeuka. Alianza kupanda tena kilima, nasi tukamfuata.

Tulitembea kama saa nzima, kati ya migomba, kisha juu ya mgongo wa mlima ambako upepo ulikuwa baridi. Nyumba ilikuwa ya peke yake, ya nyasi, na moshi ukitoka juu. Paka aliingia kama anavyoingia mwenye nyumba. Nilipoinama mlangoni niliona bibi kizee ameketi karibu na moto akichambua maharage. Hakushtuka kutuona. Mkono wake ulikuwa tayari umechukua kibakuli, ukamimina maziwa, ukaweka chini, bila yeye kuangalia. Paka alikunywa, kisha akapanda kwenye kitanda cha miti kilichokuwa tupu upande wa pili, akajikunja pale miguu ya mtu ingekaa.

"Koko," nikasema, "ile shati ilitoka wapi?"

Alinitazama vizuri. "Wewe njo muke yake," akasema. "Karibu, ukae chini kwanza."

Aliniambia yote kwa Kimashi na Kiswahili, polepole, akirudia pale niliposhindwa kusikia. Mume wangu aliugua kifua. Alitoka shimoni akitema damu, na wenzake walimpandisha kwake kwa sababu nyumba yake iko mbali na macho ya watu. Alikaa miezi mitatu. Alikufa asubuhi, akiwa ameomba maji. Wakamzika nyuma ya migomba. Wachimbaji walikatazana kusema, maana shimo linalomwua mtu hufungwa, na wao walikuwa bado na watoto wa kulisha.

"Hakuoa?" nikauliza. Naona haya kuandika kwamba hilo ndilo swali langu la kwanza.

"Aoe na pumzi gani?" akasema bibi. "Alikuwa anaita bana yake. Batatu. Majina najua yote." Akayataja, kwa mpangilio, kuanzia mkubwa.

Nililia hapo. Baadaye nikamwuliza kwa nini alimfunga paka kile kitambaa.

"Shati ilibaki, nikaipasua kwa kufungia bitu," akasema. "Nikafunga kipande kusudi mwenye paka ajue ikulaka kwangu, asiipige. Ii paka iko muzuri. Njo ilikuwa inalala naye ku miguu, tangu alianza kugonjwa. Inakuya, inaenda, inakuya. Tangu wakati ya kupanda maharage."

Nilihesabu kimoyomoyo. Maharage yalipopandwa, gari lilikuwa halina boîte. Paka alikuwa juu ya ukuta wangu.

"Koko, ile paka ilikuwa Bukavu. Ilikuwa kwangu."

"Basi itakuwa ingine," akasema bibi, bila ubishi, kama mtu anayempa mgeni kiti.

Nilikwenda kitandani. Nilishika mkia, ncha ilikuwa imepinda. Nilinyanyua mguu wa mbele wa kushoto, nikaona kile kidole kimoja cheupe. Paka aliniacha nifanye. Mwili wake ulikuwa wa moto kupita ule wa paka aliyetoka kwenye upepo.

Mupima-macho hakuingia. Alikuwa amebaki nje, kofia mkononi, uso ameuelekeza kwenye migomba. Tulipotoka kwenda kaburini alitangulia, naye alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Tuliomba Baba Yetu. Bibi alikuwa amepanda maua ya njano pale, na ardhi upande wa miguu ilikuwa imelazwa duara dogo, kama mahali anapolala mnyama.

Njiani kurudi kwenye gari nilimwuliza, "Ulijua?"

"Sikujua kitu, maman."

"Sasa ile mambo ni nini?"

Alivaa tena kofia yake. "Fasi yote niko nasimama, kuko mutu anaijua mbele yangu. Kalehe kuko muvuvi anaiita na jina ingine. Siku nilifika kwake ile ya kwanza, alisema, aa, umeleta paka yangu. Zamani niliuliza sana. Sasa siulizake. Mimi nafungua mulango. Inarudi, tunaenda."

Mvua haikunyesha siku ile, njia ilikuwa nzuri. Nilirudi Nyawera mjane. Ni neno zito, lakini nililibeba kwa urahisi kuliko lile la aliyeachwa, nililokuwa nimelibeba miezi saba. Familia ya mume ilikuja, tukakaa matanga, dada yake akaniomba msamaha mbele ya watu. Watoto walipata baba aliyekufa akiwataja. Haya yote yaliletwa na paka, au na mtu aliyekubali kumngojea, na sikuwahi kumshukuru hata mmoja wao inavyostahili. Ukweli ni kwamba nilianza kuwaogopa. Paka alipokaa juu ya ukuta nilihamisha cherehani upande mwingine. Nilijiuliza wakati ninapomwona hapa, yuko pia kwenye miguu ya nani. Mupima-macho aliona. Mwaka uliofuata aliegesha kwingine, akisema ukuta wetu unaleta unyevu.

Nilimwona tena mara moja, miaka mingi baadaye, watoto wakiwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Nilikuwa natoka harusini Kalehe. Camion yetu ilisimama kando ya ziwa kupoza injini, na wasafiri wakaniambia kuna mzee anaishi ndani ya gari bovu pale chini. Nikashuka.

Nyumba ya mipira haikuwa na mipira tena. Ilikuwa imewekwa juu ya mawe, majani yamepanda mpaka kwenye vioo, na ukungu wa alasiri ulikuwa unapanda kutoka majini. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunika makoti mawili. Macho yake yote yalikuwa meupe kama maziwa.

"Ni nani?" akasema. Nilipojibu alitabasamu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulielekea moja kwa moja kwenye uso wangu. "Fundi. Kaa. Cataracte," akaongeza kabla sijauliza, "yote mbili. Ya kuume ilitangulia."

Nilimpa mikate ya harusi. Nilimwambia aje Bukavu, kuna hospitali, kuna chumba kwangu. Alitikisa kichwa. Paka alikuwa akipita mlangoni, akitoka, akiingia, mwenye rangi ileile, bila hata unywele mmoja uliobadilika. Nilihesabu miaka, nikaacha kuhesabu.

"Maman, niko na kitu moja ya kukuomba," akasema. "Uibebe. Masikio nayo inaenda. Sisikie tena wakati inarudi, na mulango sitaweza kuangalia. Wewe ilikuzoea. Itakufuata, najua."

Camion ilipiga honi juu barabarani. Nilifikiria parcelle, wajukuu, majirani. Nilifikiria kitanda cha miti na mtu anayetema damu, na mwili ule wa moto. Mtu huyu alikuwa amekaa siku nzima na kopo magotini wakati ninamtukana, na kwa sababu hiyo najua mume wangu alipolala.

"Hapana, papa," nikasema. "Sitaweza."

Alivuta makoti yake mpaka shingoni. Sikuona hasira usoni mwake, wala mshangao.

"Sawa, maman. Haiko mubaya. Basi ukitoka unifungie mulango. Baridi iko naingia."

Nilishuka, nikauvuta mlango. Ulikuwa mzito kwa kutu. Nikausukuma kwa bega mpaka komeo likalia. Honi ikapigwa tena. Nilikuwa nimekwisha kupanda nusu ya njia niliposikia kucha zikikwaruza bati, taratibu, bila haraka. Sikujua kama zilikuwa upande wa ndani au wa nje. Nilipoifikia camion, watu walikuwa wananyoosha mikono kunipandisha, nami nikawapa mikono yangu.